Meno ya Susu Kalondu

Kalama,
Jumatatu, 3 Machi 2025

Mwiitu wakwa Winfred,

Nakusalimu, na kama ile mafua uliyokuja nayo imeisha, mshukuru Mungu. Huku mvua bado, mbuzi ni wazima, mbaazi imekataa. Ukiuliza habari yangu mimi, si njema, na wewe unajua.

Simu nimeizima makusudi. Ukinipigia utaanza, "Susu ngoja, Susu sikiza," na leo sitaki kungoja wala kusikiza. Kwa barua hakuna mtu wa kunikatiza. Musili akileta mboga huko Syokimau ataiacha kwa mlinzi wa geti lenu.

Sasa niambie. Alhamisi ulinitoa hapa kwa sababu gani? Si ni hili gego la chini, upande wa kulia, ambalo tangu Krismasi limenikataza kulala? Ulisema, "Susu, twende uzibwe jino." Nikavaa kitambaa cha kanisa. Nikakaa kwenye kile kiti kinacholala, nikafungua mdomo. Wewe na yule daktari kijana mkaongea Kizungu juu ya kichwa changu kama watu wanaouziana ng'ombe. Nikadungwa sindano, mdomo ukawa si wangu. Nilidhani ananisafisha.

Nafika nyumbani, ganzi inaisha, gego linauma vile vile! Shimo liko pale pale, ulimi unaingia. Nikaenda kwa kioo. Aiya! Meno yangu ya mbele, yale yenye ncha, yamejazwa yote yakawa sawasawa kama vigae vya bafu. Nani alilalamika juu ya meno ya mbele? Yaliuma lini?

Jana kanisani Nduku alinitazama akasema, "Kalondu, huo mdomo umeazima kwa nani?" Jioni nikaenda kuita mbuzi. Unajua hawa naita kwa mluzi, na mluzi wangu unapita hapo mbele katikati ya meno. Ikatoka hewa tupu. Mbuzi wakaendelea kula mahindi ya watu. Nikasimama pale shambani, mtu mzima, nikalia kwa hasira.

Nani alimwambia daktari aguse meno hayo? Nijibu, na usinizungushe.

Ni mimi Susu wako,
Kalondu

*

Syokimau,
Jumatano, 5 Machi 2025

Mpendwa Susu,

Shikamoo. Mafua imepoa, kazi ni ile ile, na Kiama anakusalimu sana. Anauliza kila siku kama watu wao watafika na mbuzi wa ntheo, wale wa kunichumbia, asubuhi ama saa sita. Nimemwambia ni wewe utasema, kwa sababu boma ni lako.

Sitakuzungusha. Ni mimi nilimwambia daktari ajaze ya mbele pia.

Alisema gego lako liko na shimo kubwa, linataka kazi ndefu, na hawezi kufanya hilo na ya mbele siku moja, utachoka. Akaniuliza tuanze wapi. Nikafikiria tarehe ishirini na mbili. Watu wa kina Kiama watakuja, mpiga picha atakuja, na mimi nataka tupige picha sote wawili, wewe ukicheka. Nikasema aanze mbele. Gego tungerudi baada ya sherehe.

Susu, mimi pia niko na hasira. Niliomba ruhusa kazini, nikakuendesha kwenda na kurudi, nikakushika mkono muda wote, halafu naandikiwa barua kama mwizi wa kuku! Wengine wangesema asante. Daktari alisema amefanya kazi safi sana, na ni kweli, unapendeza.

Na iko sababu nyingine, nitaisema mara moja tu. Nimechoka kuangalia kile yule mtu alikufanyia. Umekaa nacho usoni miaka yote bila kusema kitu. Nilitaka siku yangu uwe na mdomo ambao hakuna mtu aliuvunja.

Mjukuu wako,
Winfred

*

Kalama,
Alhamisi, 6 Machi 2025

Winfred,

Salamu. Mtu gani? Alinifanyia nini? Andika jina lake. Musili ameegesha hapa nje anangoja nimalize, na mimi sielewi hata neno moja.

Susu

*

Syokimau,
Jumamosi, 8 Machi 2025

Susu wangu,

Natumai gego limekupa nafasi ulale kidogo. Sikutaka tufike hapa, lakini umeuliza.

Umau. Mzee Nzau, bwana yako.

Nikiwa darasa la nne, Tracy wa kwa mwalimu aliniambia mbele ya wengine, "Nyanya yako alivunjwa meno na mzee wake." Nilirudi nyumbani nikaangalia mdomo wako. Nikaangalia mikono ya Umau, vile ilikuwa mikubwa, na vile alikuwa akipiga kelele hata redio ikikohoa. Nikaamini. Sikukuuliza kwa sababu niliona unaficha. Ukicheka na wageni ulikuwa unaweka mkono mdomoni.

Tangu siku hiyo sikuweza kumpenda, Susu. Hata nikijaribu. Kila akiniita nilikuwa naona ngumi.

Basi sasa unajua kwa nini nilitaka yafunikwe. Sikuona aibu kwa sababu yako. Nilikuonea uchungu.

Mjukuu wako,
Winfred

*

Kalama,
Jumatatu, 10 Machi 2025

Winfred,

Leo salamu sina.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nikampelekea Nduku anisomee, labda macho yangu yanadanganya. Nduku akasema macho yangu ni mazima.

Sikiza wewe, msichana mwenye masomo. Meno haya hayakuvunjwa na mtu. Nilichongwa nikiwa msichana, kabla Nzau hajajua hata jina langu. Wakamba tulikuwa tunafanya hivyo, wasichana na wavulana, na ambaye hakuchongwa alichekwa kwenye ngoma. Mimi na Nduku tulienda siku moja kwa mzee Nzuki. Alikuwa na patasi ndogo, na nyundo yake, na mkono usiotetemeka. Nduku alipiga mayowe mpaka ng'ambo ya mto. Mimi sikulia. Siku hiyo ni mimi nilikuwa shujaa, na nilitembea kijiji kizima nikicheka bila sababu ili watu waone.

Unasema nilikuwa nafunika mdomo. Ndio. Kwa sababu mwalimu wa kwaya pale misheni alituambia sisi wenye meno ya ncha tusisimame mstari wa mbele, tunaharibu. Nikashika tabia ya kuweka mkono. Miaka mingi imepita ndipo niliuondoa. Sasa wa pili kuniambia naharibu ni wewe, mtoto niliyekulea kwa mgongo huu baada ya mama yako kutuacha.

Na Nzau! Alikuwa na kelele, nani anakataa? Aligombana na mvua, aligombana na redio, aligombana na askofu. Lakini mkono wake haukunigusa hata siku moja, naapa mbele ya Mungu ninayemwomba. Yeye mwenyewe alichongwa vile vile. Wewe ulimkuta hana jino hata moja, na Nduku ulimkuta na ya bandia, ndiyo sababu ulidhani ni mimi peke yangu. Lakini mdomo ulikuwa nao. Ungeuliza! Ulishindwaje kuuliza neno moja?

Kumbe ndiyo maana. Alikuwa akirudi sokoni na miwa anakuvunjia, unaiacha mezani inakauka. Nilisema ni utoto. Siku ya kumzika, kila mtoto alichukua udongo akamtupia babu yake. Wewe ulifunga mikono nyuma. Nilisema ni huzuni.

Kabla hajafa aliniuliza, "Kalondu, huyu mtoto nilimkosea nini?" Nikamwambia sijui. Sasa najua, na yeye hayuko wa kuambiwa.

Watu wa Kiama waje na mbuzi wao, sitawafukuza, hawana makosa. Watapikiwa. Lakini mimi sitatoka nyumbani. Mdomo huu si wangu, na kwa nyumba yetu msichana habarikiwi na mdomo wa kuazima. Tafuta mwingine wa kukubariki.

Kalondu wa Nzau

*

Syokimau,
Jumatano, 12 Machi 2025

Susu,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Nimejaribu kuandika hii barua nikashindwa, nikajaribu tena. Sina la kujitetea. Nimempigia Tracy, tukiwa wazee hivi, nikamuuliza nani alimwambia yale maneno. Hakukumbuka hata kuyasema. Alicheka! Mimi nimemchukia mtu mzuri maisha yangu yote kwa sababu ya maneno ambayo aliyesema hata hayakumbuki.

Nimerudi kwa daktari pia. Anasema ile kitu aliyojaza inaweza kukwanguliwa na meno yako yabaki vile yalivyokuwa, hakuyapunguza. Kukwangua si kazi ndefu, kwa hivyo gego atalifanya siku hiyo hiyo. Nitakuja kukuchukua siku yoyote. Sema tu.

Miwa naikumbuka, Susu. Alikuwa anamenya kwanza, ananikatia vipande vidogo vidogo.

Mjukuu wako, kama bado unataka niitwe hivyo,
Winfred

*

Syokimau,
Jumamosi, 15 Machi 2025

Susu,

Musili anasema barua alikupa mkononi. Anasema uliisoma, ukampa pojo aniletee, ukamwambia hakuna jibu. Pojo nimepika. Nimeshindwa kula.

Nimemwambia Kiama kama wewe hutoki, ntheo ingoje kwanza. Amekubali. Wazee wao wamekasirika, wacha wakasirike.

Winfred

*

Kalama,
Jumatano, 19 Machi 2025

Mwiitu wakwa Winfred,

Nakusalimu. Habari ya huko? Hapa kumenyesha jana, si sana, lakini vumbi limelala. Mimi nimelala pia, usiku wote, mara ya kwanza tangu Krismasi.

Nani alikwambia uahirishe? Wazee watoke kwao na mbuzi halafu warudishwe, tuonekane watu wa namna gani? Mpigie Kiama leo.

Jana nimeenda Machakos mjini mimi na Nduku. Sikutaka unipeleke. Mtu aliye na mdomo wake anaweza kuusemea. Tumepata daktari mwanamke, mnene, mpole. Akaniuliza Kizungu, nikamwambia hapana mama, mimi na wewe tutaongea lugha ambayo nitajibu. Nikamwonyesha gego: hapa iko shimo, ziba. Nikamwonyesha mbele: hapa hakuna shimo, zibua. Akanitazama, akasema, "Hata nyanya yangu alikuwa nayo hivi." Basi tukaelewana.

Mashine ile ina kelele kama posho mill, na ile taa yao ya buluu sikuipenda. Lakini gego limejazwa, gumu, sawa kabisa, natafuna isyo, mahindi na maharagwe, upande huo bila kuomba Mungu kwanza. Kazi ya kuziba ni nzuri ikipelekwa penye shimo. Na ya mbele yamerudi. Nimeyagusa kwa ulimi njia nzima mpaka nyumbani. Leo asubuhi nimepiga mluzi, mbuzi wote wamegeuka.

Hasira haijaisha. Nisikudanganye. Nitakuwa nayo siku ya ntheo na pengine nizikwe nayo kidogo. Lakini ya kukunyima baraka nimeitoa, kwa sababu Nzau aliniuliza swali na mimi nimepata jibu lake, na wewe ndiye wa kumpelekea.

Jumamosi uje mapema, kabla ya wageni, peke yako. Usipite jikoni, usinisalimie. Nenda moja kwa moja kwa Umau pale nyuma ya zizi. Mwambie ulidhani nini na nani alikwambia. Sema kwa sauti, alikuwa hasikii vizuri. Halafu chukua udongo kwa mkono wako, ule ambao hukuchukua, umwekee.

Ukimaliza njoo kwangu na huo udongo ukiwa bado mkononi, usinawe. Nitakuwa nimesimama mlangoni na maji mdomoni, nikunyunyizie kifuani kama mama yangu alivyoninyunyizia mimi, yapite katikati ya meno haya haya.

Na huyo mpiga picha mwambie mapema: nitacheka, na asithubutu kunionyesha namna ya kufunga mdomo.

Miwa imekatwa. Iko mezani.

Susu wako,
Kalondu