Asante Niliyokujibu Kwenye Simu

Mwanangu Rehema,

Marahaba, maana najua hata ukininunia shikamoo yangu umeiweka mahali.

Tangu siku ile hupokei simu. Nimepiga nikiwa shambani, nimepiga nikiwa jikoni, mpaka mama yako mdogo Salma akanionea huruma, akasema andika. Basi naandika, na mkono wenyewe ndio huu wa kubangulia korosho.

Ulikuwa unalia. Unanieleza mchumba kakuacha, na mimi nakuuliza kama umekula. Ukaniambia, "Mama, you are cold." Nikakujibu, "Asante, mwanangu." Ukakata.

Jamani Rehema! Neno lile mimi nalijua kwenye friji la soda, pale dukani Kitangari. Cold! Siku ya jua kali mtu akiliona anamshukuru Mungu. Kwetu maji tunayafuata bondeni, tunapanda nayo kichwani, tunayatia mtungini yapoe. Baridi ni kitu cha kumpa mgeni. Nikadhani mwanangu analia, lakini akiongea na mimi moyo unapoa. Nilifurahi, nikaingia ndani nacheka peke yangu kama mwehu.

Salma, si anafundisha Masasi, ndiye aliyenieleza. Alicheka kwanza, halafu akaniambia: "Dada, hilo si la kushukuru. Maana yake mtu asiye na mapenzi moyoni."

Nikakaa chini pale pale mlangoni.

Unakumbuka ulipougua malaria, uji ukaukataa? Sikukuambia nakupenda. Nilikuwa nachovya mkono mtungini nakuweka kwenye paji la uso, nachovya nakuweka, na wewe ukasema, "Mama, usiutoe, wa baridi." Sasa neno ni lile lile, mwanangu. Ningejuaje kama limegeuka?

Maneno ya kubembeleza kwenye simu siyajui. Mama yangu hakuniambia hata moja, na nikijaribu naona aibu. Kuuliza kama umekula ndiyo yote niliyonayo. Nifanyeje? Nikipiga hupokei. Nikisema nije, huko uliko sijui hata mlango wako.

Maji ya mtungini nimeyabadilisha leo asubuhi. Kata yako ya kunywea iko juu yake. Yamepoa.

Umekula?

Ni mimi mama yako, wa hapa Mkunya, yule wa mkono wa baridi.