Permis Uliyonichukulia, Papa

Bukavu, Jumapili baada ya misa

Papa,

Nakusalimu kutoka huku mjini. Mimi ni mzima, mikono tu ndiyo imechakaa kwa grisi. Mguu wako unaendeleaje? Na maman, bado anakuficha chumvi? Mwambie aendelee kuificha.

Barua yako nimeipata. Unasema harusi ya dada Neema imekaribia, nije na lori, niwapakie ndugu wote juu ya mizigo hadi kanisani, Mwenga nzima inione kwenye usukani. Nimeisoma mara tatu. Papa, siwezi. Acha nikueleze, ingawa naona haya.

Unakumbuka ile permis ya udereva uliyonichukulia kwa rafiki yako, bila mimi kufanya mtihani? Ndiyo niliyomwonyesha tonton Bisimwa, mkubwa wa madereva hapa kazini, ambaye wote tunamwita mjomba. Akaenda kunijaribu kwenye mteremko wa Ngomo, tukielekea Luberizi kuchukua mchele. Nyuma tulipakia saruji, na juu ya saruji walikaa akina mama watatu na vikapu vyao. Mteremko ulipoanza nikatoa gia, lori literemke lenyewe, kama madereva wa taksi wanavyofanya ili kubana mafuta. Nilitaka tonton anione mjanja.

"We! Rudisha vitesse!" akapiga kelele.

Gia haikuingia. Breki zikaanza kunuka. Tonton akanyakua usukani, akalielekeza lori kwenye ukuta wa mlima, likajikwaruza ubavu mzima mpaka likasimama. Mama mmoja akashuka, akaniangalia.

"Mutoto yangu, uko na maman kwenu?"

Swali hilo linaniuma mpaka leo.

Nikamwambia tonton ukweli wote. Nilidhani atanifukuza.

"Permis yako iko ya kweli," akasema. "Lakini hii mulima haijuwe kusoma. Leta, nitakuchungia. Utaanzia ku mipira." Akaitia permis mfukoni mwake.

Basi huu ni mwezi wa saba tangu siku ile, nakagua matairi, nasikiliza breki, napima oili, nasoma karatasi za mzigo. Nimejifunza kushuka mlima kwa gia ya pili, taratibu mpaka waenda kwa miguu wanatucheka. Na kukataa nimejifunza. Juzi, kule Kavumu, mfanyabiashara mmoja alitaka kupandisha watu juu ya mbao. Nikamkatalia. Tonton alikuwa pale, na tulipokula akanisogezea kipande chake cha samaki.

Alhamisi nafanya mtihani wa kweli. Naogopa sana. Nikianguka, nitarudia.

Sikulaumu, Papa. Ulitaka nipate kazi upesi. Najua umeshatangaza kwa majirani, na watakucheka kwa ajili yangu. Nisamehe.

Nisalimie maman, na tonton mdogo wa shamba la mihogo, na shangazi muuza mawese. Mwambie asitafute nafasi kwenye lori lolote. Harusini nitafika, nimekaa kwenye kiti cha abiria kama wengine.

Na Neema, nakuomba, asipandishwe juu ya mzigo, hata dereva awe nani. Aende kanisani kwa miguu. Nitatembea naye, viatu vyake nitavibeba mimi.

Mtoto wako anayejifunza,
Deo