Tarehe ya Chumba Namba Sita

3 Februari

Shikamoo dada,

Mimi ni mzima, na nyumba yako nzima, ila bomba la uani linavuja kama kawaida yake. Mguu wa mama unaendeleaje? Mwambie apunguze ubishi na daktari.

Dada, nimekunyooshea mambo. Vyumba vinane vya wanafunzi, na kila mmoja analipa kodi siku yake, huyu tarehe tano, yule ishirini! Nimewaambia wote kuanzia mwezi huu ni tarehe mosi. Atakayechelewa siku mbili, nampigia simu mtu aliyemwandika kwenye fomu. Sasa wanalipa bila kusukumwa. Wewe muuguze mama, huku usiwe na wasiwasi.

Mdogo wako

14 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako dereva wa basi kanifikishia, maana simu huku bado haishiki. Mama ameanza kusimama mwenyewe. Anasema ubishi mnao wote wawili.

Umenishtua. Zile tarehe si fujo. Kila muhula ukianza namkalisha kila mwanafunzi jikoni, namuuliza hela yake inatoka wapi na inafika lini, ndipo tunapanga siku. Miaka sita sijamfukuza mtu. Yule binti anayesoma sheria, chumba namba sita, siku yake ni kumi na nane, kwa sababu mama yake mshonaji hulipwa hela ya sare za shule tarehe kumi na saba. Mjomba wake anamlipia ada tu, na anaamini binti analala bwenini. Bweni lilijaa, akaogopa kumwambia asije akamrudisha nyumbani. Hayo kaniambia mimi peke yangu. Warudishie tarehe zao, tafadhali, na umsalimie.

Dada yako

5 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo, ila wewe ndiye sikuelewi. Wiki tatu kimya. Dereva anasema kila akipita unamwambia barua hujaimaliza. Unaandika kitabu? Kama kuna jambo, niambie hivyo hivyo lilivyo.

Dada yako

9 Machi

Shikamoo dada,

Natumaini mama anazidi kupona. Mimi sijambo, kwa mwili tu.

Siku ile nilipokuandikia kwa mbwembwe, nilikuwa nimetoka kupiga simu. Kabla ya hapo binti wa namba sita alinifuata akaniambia, kwa adabu kabisa, kwamba siku yake ni kumi na nane na wewe unajua. Nikamjibu kila mpangaji ana hadithi yake. Kwenye fomu kulikuwa na namba moja, ya mjomba. Nikampigia, nikamwambia kwa sauti ya kiofisi kwamba mpwa wake anadaiwa kodi. Akauliza, "Kodi ya nini?"

Hapo ningekata simu. Badala yake nikamweleza kila kitu, mpaka namba ya chumba.

Kesho yake alikuja kumchukua. Alisimama mlangoni binti akifunga nguo zake. Alidhani mpwa wake anaishi na mwanamume. Ada ameisimamisha, na bila ada chuo hakimruhusu kufanya mitihani ya katikati ya muhula, inayoanza tarehe 24. Barua yako ilifika mambo yameshaharibika. Hii yangu nimeiandika mara nne, na kila mara najikuta najitetea. Naona aibu, dada.

Mdogo wako

12 Machi

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Mimi nimelia, kisha nimekasirika, na sehemu ya hasira ni juu yangu mwenyewe. Nilikuachia nyumba na maneno mawili, siri za watu nimezibeba kichwani. Na yule mtoto nilimsaidia kuficha, wakati ningemsindikiza kwa mjomba wake tukasema ukweli.

Lakini simu ulipiga wewe. Nenda kwa mjomba kwa miguu yako. Mwambie bweni lilijaa, na kwamba binti analala peke yake na hajawahi kukosa siku yake. Mpe barua hii aisome. Usipoteze muda.

Dada yako

2 Aprili

Shikamoo dada,

Natumaini mnaendelea vizuri. Nilikwenda. Mjomba aliniacha nimesimama uani asubuhi nzima. Barua yako aliisoma mara mbili, kisha akasema atalipa kwa ajili ya dada yake mshonaji, si kwa ajili yangu. Ada ililipwa tarehe 21, na mitihani binti amefanya yote. Tangu arudi kwa ajili ya mitihani, analala sakafuni kwa mwanafunzi mwenzake, mtaa wa pili.

Nilimfuata huko. Nikamwomba msamaha, nikamwambia chumba kiko wazi na hatalipa kodi mpaka muhula uishe. Alinikaribisha kiti, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe, kaka," aliniambia. "Ila sitaweza tena kumwambia mwenye nyumba shida yangu."

Niliaga nikaondoka.

Mdogo wako