Domani ni Asubuhi

Bibi yangu, shikamoo.

Juzi nikamwambia mama mmoja wa Kitaliano "domani", yaani kesho kwa lugha yao, akafurahi. Nilikuwa namteremsha kwa gari mpaka mji wa Al Hamra kutoka mlimani, akaniuliza lini nitampeleka sokoni Nizwa. Neno hilo nimeliokota kwa watalii. Yeye mwalimu, keshastaafu. Akanambia, kwa Kingereza cha polepole ili nifahamu, domani imetoka kwenye Kilatini cha kale, "de mane", yaani kuanzia asubuhi. Wazee wao wakisema kesho, wanasema jua likichomoza.

Nikakuona wewe.

Maana na sie hapa, kwa Kiarabu, kesho tunasema baakir, na baakir pia ni mapema. Wewe hukuhitaji mwalimu. Kila nikikwambia, "Baakir inshallah nakupeleka Sur kwa dada yako, Bi Zuwena," ukishasali alfajiri unavaa abaya, unakaa kiti cha mlangoni, halwa ya kumpelekea mapajani. Mie nakuja laasiri.

"Mume wangu," uliniita hivyo, utani wako kwa mjukuu, "hiyo kesho yako haina jogoo?"

Nasema nilikuwa na watalii. Unacheka, unafungua halwa. "Haya kula wewe, isilale."

Nikala. Mara tatu nimekula halwa ya Bi Zuwena, na vidole nikalamba.

Uongo, bibi. Watalii hawakuwapo. Gari lilikuwa chini ya mtende, na mie ndani yake. Niliona haya kwa wajukuu wa Bi Zuwena. Wote wamesoma, wangeniuliza nimeishia darasa la ngapi. Nikakimbia swali moja, wewe ukakaa mlangoni asubuhi tatu. Halafu ukaugua, ukatutoka, na kile kiti hukukikalia tena. Hata hukunilaumu. Ungenilaumu ningepumua.

Jana nikampigia dada yako. Nikamwambia nakuja kesho, na halwa yake.

"Saa ngapi, mjukuu wangu?"

"Asubuhi, bibi."

"Basi nitakaa mlangoni."

Kumbe nyote mlilelewa na mama mmoja.

Wajukuu zake wakiniuliza, nitawaambia darasa la sita. Na habari za zile asubuhi tatu nitamwambia mwenyewe, kabla hajafungua halwa.

Lazima niondoke sasa, bibi. Halwa nimeifunga mkanda kwenye kiti chako cha mbele garini. Alfajiri nishasali, Sur mbali, na yeye yuko mlangoni.

Mumeo wa utani,
mjukuu wako