Mifereji Juu ya Tuta la Tope

Kagarama, Jumatatu, Aprili 1991. Mvua inanyesha tangu alfajiri, haina haraka, na mimi leo sina moyo wa kitu chochote.

Acha niandike, maana nikiyaweka kichwani tu nitapasuka.

Kazi yangu katika mgodi wa bati, nje kidogo ya Kigali, ni uchafu. Wenzangu wanashuka chini ya ardhi kutafuta gasegereti, ndiyo madini yenyewe. Mimi nashughulikia kinachobaki. Mawe matupu tunayarundika kando. Yale yenye madini yanasagwa na kuoshwa, na tope lake laini tunalifungia bondeni, nyuma ya tuta kubwa la udongo. Tuta likiwa kavu, linasimama. Likilowa hadi ndani, linakwenda na kila kilicho chini yake.

Chini yake kuna nyumba. Moja ni ya dada yangu, Imakulata.

Mwezi uliopita niliona maji yanachuruzika chini ya tuta. Dawa yake naijua: mawe matupu, mengi, yarundikwe pale pale yalikandamize tuta, huku maji yakipita katikati yao. Lakini lori letu halina mafuta, yote yanakwenda vitani kaskazini. Basi nikamwomba bugumesta, mkuu wa komini, watu wa umuganda, ile kazi ya pamoja ya wanakijiji, wabebe mawe kwa mikono. Akakubali kwa furaha. Siku ya umuganda wenyewe mimi nilikuwa Kiyovu, ofisi kuu, nabembeleza mafuta ambayo sikupewa.

Leo asubuhi nimefika mgodini. Rundo la mawe halijaguswa. Badala yake wamechimba mifereji ya kukingama kwenye uso wa tuta, mmoja chini ya mwingine kutoka juu hadi chini, ile ile ya kuzuia mmomonyoko tunayochimba kwenye kila kilima cha nchi hii. Imenyooka, mizuri kweli. Na yote imejaa maji.

Shambani mfereji huo unaokoa udongo, kwa sababu unashika mvua na kuinywesha ardhi taratibu. Sasa unalinywesha tuta langu.

Nilikaa kwenye matope nikalia. Sioni haya kusema.

Kisha nikaenda kwa bugumesta mbio mbio, nikamwambia mifereji ifukiwe leo leo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, polepole, kama najua tuko vitani, na kama najua watu watasema niko upande gani nikiharibu kazi ya umuganda wakati kama huu. Hakupandisha sauti. Jirani yangu mmoja alichukuliwa kwa neno dogo kuliko hilo, na hajarudi. Nikaaga kwa adabu, na huko nje nikajichukia.

Nikashuka kwa Imakulata. Tulizaliwa Bukavu, kwa hiyo tukiwa wawili tunasema Kiswahili chetu cha huko. Nilimwambia afunge vitu vyake, aje kwangu Kagarama na watoto, tutabanana.

Alicheka. "Kaka, unaogopa nini tena? Si ni weye uliomba watu? Tulichimba wote. Ule mufereji wa juu ni wangu, nilipanda na majani pembeni. Tangu ile siku niko nalala muzuri."

Nilimweleza mara ya pili, nikamweleza tena kwa hasira. Uso wake ukabadilika, kama nimemtupia zawadi yake chini. Alinipakulia viazi, akaniambia nipumzike, vita vimenichosha kichwa. Hakufunga chochote.

Namjua. Ni mbishi kuliko mimi, na hataondoka.

Sijui nimkasirikie nani. Watu walikuja, walilowa, walifanya kazi kwa moyo mmoja ili kuniokolea tuta langu. Hakuna aliyetaka ubaya. Hilo ndilo linaloniua, kwa sababu hakuna hata mtu wa kumtukana.

Kesho asubuhi nitapanda juu ya tuta na jembe. Wakisema mimi ni adui, waseme. Sidhani mtu mmoja anaweza kuifukia mifereji yote kabla tuta halijaanguka, na sidhani wataniacha hata nifike katikati. Lakini nitaanza na ule wa juu, nitang'oa majani aliyopanda kwa mkono wake. Kutoka mlangoni kwake ataniona vizuri, na sijui jioni nitamwangaliaje.