Skrubu Yako Iliyolala

Fundi Salim,

Jumamosi behewa letu limetembea! Wallahi ungekuwepo ungepiga vigelegele, mwanamume mzima, utuaibishe. Lile lile la umeme tulilolikuta kwenye karakana ya makumbusho limejaa kutu na mavi ya njiwa, sasa linang'aa. Watoto walipanda wakigombania viti vya dirishani.

Lakini subiri nikupe umbea.

Unakumbuka siku yangu ya kwanza kujitolea pale? Nimetoka shifti ya kutunza wazee kule Stratford, macho mazito, nikafunga skrubu za mlango mzima, nikajisifu. Ukaja na bisibisi ukazifungua zote. "Neema mwanangu, mfuo wa kichwa cha kila skrubu, hapo bisibisi inapoingia, usimame wima. Behewa halitoki hapa na skrubu iliyolala." Nilikununia wiki mbili. Nikasema nyie watu wa Mombasa mna maringo hata kwenye skrubu!

Basi, asubuhi hiyo ya Jumamosi, Doreen msimamizi wetu akanituma nikague mara ya mwisho. Nikapita na tochi, kiti kwa kiti. Zote wima. Nikafika ubao wa chini ya dirisha la mwisho, ule ulioufunga peke yako siku moja kabla hujalazwa. Loo! Skrubu moja imelala chali. Yako, Fundi! Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Halafu nikalia, maana nilijua mkono ulikuwa umechoka na hukutuambia.

Nikashika bisibisi. Dereva yuko tayari, Doreen anatazama saa, na mimi nina amri yako kichwani. Lakini nikiinyoosha, si ndiyo nimefuta kazi ya mwisho ya mkono wako? Nikashindwa. Nikamwita Doreen, nikamwonyesha. Akaitazama, kisha yeye mwenyewe akanitia bisibisi mfukoni. "Leave it, love," akasema, naye macho yamemjaa maji.

Tukaiacha. Nilikaa kiti cha dirisha lile, na behewa lilipoanza kutetemeka nikaiwekea kidole gumba. Nilifurahi, Fundi, nilifurahi kweli.

Mwezi ujao tunaanza behewa la pili. Wanaojitolea wapya watanichukia, maana skrubu zao zozote zitakazolala nitazifungua mbele ya macho yao. Ila yako haiguswi na mtu, nikiwa hai, naahidi.

Lala pema, Fundi wangu. Sasa tuko sare.

Neema