Mkono Niliokorogea Dawa

Kwa wajina wangu Kariuki,

Hapa Skuta tuko salama. Cucu, nyanya yako, amepona goti, na mimi bado ndiye mwanaume mtanashati kuliko wote kanisani.

Umeuliza kama dawa unazopulizia maua huko Naivasha ndizo zinawanyima mtoto, wewe na Wanjiku. Sikia. Nikiwa kijana nilipulizia kahawa. Wenzangu walikoroga dawa kwa kijiti, lakini mimi bingwa nilitumbukiza mkono hadi kiwiko. Jioni Cucu alifua shati langu.

Miaka mitatu hatukupata mtoto. Mama akaanza kunitafutia bibi wa pili. Siku hizo kliniki ilikuwa ya wanawake, lakini Cucu akasema mbele ya mama, "Twende wawili, ama nisiende." Weh! Hata polisi wanaofunzwa Kiganjo hawana roho hiyo.

Nesi aliniangalia mimi. "Kazi yako ni gani? Na dawa unakoroga na nini?"

Nikainua mkono kwa majivuno.

"Basi hiyo mkono ipumzike. Dawa zingine huharibu mbegu ya mwanaume, na huyu mama anazishika akikufulia nguo."

Niliacha hiyo kazi. Baada ya mwaka na nusu baba yako akazaliwa. Nesi hakuapa ati ni dawa pekee, na mimi siapi.

Usimtume Wanjiku kliniki peke yake. Nendeni wawili, na wewe utangulie kueleza kazi yako. Mimi hujisifu kuzaa watoto watano, lakini aliyenifanya baba ni Cucu, siku ile alikataa kwenda peke yake.

Guka yako,
Kariuki mkubwa